Siku Niliyoziba Ekzosi kwa Udongo

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi niliyolala chali chini ya gari la babu yako, mikono imejaa udongo, nikijiona fundi kuliko mafundi wote wa Kayanga. Mjukuu wangu, weka spana chini kwanza, usome barua hii mpaka mwisho. Mama yako ameniambia umelitoa lile gari bandani huko Nkwenda, umelipaka rangi, na Jumamosi unataka kulipeleka harusini. Ameniambia pia kwamba linanguruma, na kwamba umesema utafunga kipande cha bati tu, mengine baadaye. Ni hilo "baadaye" lililonifanya nitafute kalamu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu uvumilie. Maneno yenyewe usiyarukeruke.

Wakati huo mama yako, Koku, ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Nilikuwa nimeolewa hapa Ihanda, mwaka wa pili, nina nguvu, nina mdomo, na sikupenda kuchekwa. Babu yako Elpidius alikuwa na hilo hilo gari ulilo nalo, lenye gia kwenye usukani. Hata wakati ule lilikuwa la zamani. Alilipata likiwa limeshachoka, akalipenda hivyo hivyo.

Mdogo wake wa kike, wifi yangu Jenerosa, alichumbiwa Nyabiyonza. Siku tulipokwenda kule kutambulishana, ekzosi ilikuwa imeshatoboka. Unaijua ekzosi, bomba lote la moshi kuanzia kwenye injini mpaka nyuma, na katikati ule mtungi wa chuma wanaouita sailensa. Mtungi wetu ulikuwa umeliwa na kutu. Tukapanda kilima cha wakwe tukinguruma mpaka mbuzi wakakata kamba. Kaka mmoja wa bwana harusi akatoka uani, akashika kiuno.

"Karibuni waitu, watu wetu! Mmekuja na gari, au mmetuletea mashine ya kukoboa kahawa?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Babu yako naye alicheka, maana alikuwa mtu mwepesi wa moyo. Mimi sikucheka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayatafuna maneno yale, na nikajiapia kwamba siku ya kumpeleka bibi harusi hatutaingia Nyabiyonza tukinguruma.

Siku mbili kabla ya harusi tulilipeleka gari kwa Mzee Selestini, fundi wa Kayanga. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, hana maneno mengi. Aliingia chini, akakaa huko, akatoka akifuta mikono.

"Sailensa imeoza," akasema. "Lakini hiyo si kubwa. Pale bomba linapoungana na injini, gasketi ya kuzuia moshi imeungua, na bomba lenyewe lina ufa. Na sakafu yako ya nyuma, Elpidius, ina tundu naweza kupitisha ngumi. Niachieni gari mpaka Jumatatu."

"Harusi ni Jumamosi, mzee," nikamjibu mimi, wala sikuulizwa. "Wewe tuondolee kelele tu. Hayo mengine baadaye."

Alinitazama. "Binti, kelele hainisumbui mimi. Kinachonisumbua ni moshi unaotokea mbele huko. Nikiondoa kelele mtapanda na kusahau."

Nikaona mzee anajivuta. Nikamwambia babu yako twende. Naye, ili nisiendelee kununa, akaenda. Hilo lilikuwa kosa lake, lakini ni mimi niliyemsukuma.

Asubuhi ya harusi nikaingia chini ya gari mwenyewe. Kuziba nilikuwa najua. Kwetu Kihanga mama yangu alikuwa akipika pombe kali ya ndizi, Mungu amsamehe, na mimi ndiye niliyekandika udongo na majivu pale mrija unapoingia kwenye chungu, mvuke usipotee. Hakuna aliyekuwa akiziba kama mimi. Basi nikakanda udongo wa kichuguu na majivu, nikaushindilia kwenye matundu ya sailensa, nikafunika kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, nikakaza kwa waya. Babu yako akawasha. Likanyamaza, mwanangu! Likawa linakoroma kidogo tu kama paka aliyeshiba. Alicheka, akaniita fundi, nami nikaenda kuoga nikiimba.

Sikujua kwamba nimeshindilia udongo mwingi hadi umeingia ndani ya bomba. Moshi ukakosa njia ya nyuma, ukarudi kutafuta njia ya mbele, kwenye ule ufa.

Sasa nikueleze tulivyokaa. Mbele alikuwa babu yako, na kiti cha pembeni yake kimejaa mikeka na masanduku ya bibi harusi. Nyuma tulikuwa watatu: mimi huku, Shangazi Paskazia kule, na Jenerosa katikati; Koku nilimwacha kwa mama mkwe wangu. Shangazi Paskazia alikuwa dada wa baba mkwe wangu, mama mkali, na safari ilikuwa mikononi mwake. Enzi hizo kwetu bibi harusi alifunikwa. Si shela nyepesi hii ya siku hizi unayoona jicho ndani. Alifunikwa shuka kubwa kuanzia kichwani mpaka miguuni, anainamisha kichwa, hasemi, hageuki, mpaka afike kwa mume. Akitikisika, watu watasema hakufundwa. Mkononi mama yake alikuwa amempa kifuko cha buni, kahawa ya kutafuna, za kumpa mama mkwe atakapofika.

Na miguu yake ilikuwa juu ya mkeka, na chini ya mkeka ndipo palipokuwa na lile tundu la sakafu.

Nikafunga vioo vya nyuma kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ya vumbi jekundu na nguo zetu nyeupe. Babu yako aliacha chake wazi, maana alitoa mkono nje kila anapokata kona.

Tulipokuwa tumekwenda kama nusu ya njia, kichwa kikaanza kunigonga. Nikasema ni njaa, sikunywa hata uji. Mara nikasikia sauti ndogo chini ya shuka.

"Wifi. Kichwa kinaniuma. Nasikia kichefuchefu."

Unajua nilimjibu nini? Nilimfinya paja nikamwambia, "Nyamaza. Bibi harusi haongei."

Akanyamaza. Alikuwa msichana mtiifu.

Baada ya muda akaniegemea begani. Shangazi akatabasamu. "Muone alivyotulia. Huyu kalelewa. Wa siku hizi wangekuwa wanachungulia dirishani."

Na mimi, mwanangu, nikaona fahari. Gari limenyamaza, bibi harusi amenyamaza, kila kitu kinakwenda kama nilivyotaka.

Tukaingia kwenye shimo la barabara, gari likaruka, mkeka ukasogea, na kile kifuko kikaanguka kutoka mkononi mwa Jenerosa. Buni zikamwagika mkekani, zikabingirika mpaka kwenye tundu, zikaanza kudondoka barabarani moja moja.

"Okota, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Hizo ni za mama mkwe wako. Jenerosa! Shusha mkono uokote."

Mkono haukwenda popote. Nikaushika. Ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa. Nikashika shuka nimfunue, Shangazi akaning'ang'ania kifundo cha mkono.

"Wewe mke wa Elpidius, una wazimu? Umfunue barabarani? Wapita njia wamuone kabla ya mumewe? Utaiweka wapi aibu hii?"

Nami nikasita. Hapo ndipo huwa napata taabu kukueleza. Nilisita, nikifikiria watu watasema nini, na binti wa watu hapumui vizuri begani kwangu. Sijui ni muda gani. Hata kama ilikuwa pumzi mbili tu, zilikuwa mbili zaidi ya ilivyopasa.

Nikavuta shuka. Macho yalikuwa nusu wazi hayaoni kitu, mdomo umelegea, kifua kinapanda kidogo sana. Na kutoka chini ya shuka ile ulinijia moto na harufu ya moshi, kana kwamba nimefunua chungu.

"Simamisha!" nikapiga kelele. "Elpidius, simamisha, Jenerosa anakufa!"

Babu yako alisimamisha gari katikati ya barabara. Tukamvuta nje, tukampandisha kwenye ukingo wa kilima penye upepo, tukamlaza ubavu kwenye nyasi. Shangazi alipojaribu kusimama miguu ikamkataa, akatambaa kwa magoti na nguo yake ya harusi. Babu yako alikuwa akimpepea Jenerosa kwa kofia na kumwita jina la utotoni. Mimi nilimlegeza nguo kifuani, nikampiga mashavu, nikamwambia Mungu maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia achukue sauti yangu, asichukue yake.

Upepo wa kile kilima nitaushukuru mpaka naingia kaburini. Jenerosa alikohoa. Akatapika kwenye gauni langu jeupe, na sijawahi kufurahia uchafu kama ule. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akaitazama shuka iliyotupwa kule.

"Wifi," akasema, sauti imekwaruza. "Sasa naruhusiwa kuongea?"

Babu yako alikaa chini akalia na kucheka kwa pamoja. Shangazi Paskazia akamkumbatia mtoto wa kaka yake, akamwambia, "Ongea, mama. Ongea mpaka uchoke. Tukana hata, ukitaka."

Gari tuliliacha pale pale. Tulimshika Jenerosa huku na huku, tukatembea polepole, kichwa wazi, mpaka zahanati iliyokuwa karibu. Muuguzi alitusikiliza, akatutazama sisi watatu tuliokaa nyuma, akasema ule ni moshi wa gari, na kwamba sumu yake haina harufu wala rangi, harufu tuliyoisikia ni ya mafuta na kutu tu. Akasema tungechelewa kidogo asingekuwa na la kutufanyia. Akatukalisha barazani kwenye hewa mpaka alasiri. Habari zikafika kwa wakwe, na bwana harusi akaja anakimbia, viatu mkononi. Alimkuta mkewe anakunywa chai, hajafunikwa, anamsimulia muuguzi habari zote. Hakuna aliyetaja aibu. Yule kaka yake wa mashine ya kukoboa kahawa alikuja nyuma yake, na ndiye aliyebeba masanduku kichwani mpaka nyumbani. Harusi ikaliwa jioni hiyo hiyo, na ilikuwa tamu kwa sababu sote tulikuwapo.

Gari lilivutwa mpaka Kayanga. Nilikwenda kwa Mzee Selestini peke yangu, nikamweleza yote bila kumsingizia mtu. Hakunigombeza kwanza. Alifungua bomba, akachokonoa kwa kipande cha nondo, akatoa bonge la udongo lililookwa likawa kama tofali, akaniwekea mkononi.

"Gari lilikuwa linawaita, ukaliziba mdomo," akasema. "Na huyo binti, alisema kichwa kinamuuma?"

"Alisema, mzee."

"Ukamwambiaje?"

Nilimwambia. "Basi wewe kazi ya kuziba unaiweza sana," akasema. "Sasa ingia huku chini ujifunze kufungua."

Alinilaza pale mpaka nikajua kila kiungo. Ndiyo maana ninakuambia haya bila kubahatisha.

Mwanangu, usifunge kibati. Shusha ekzosi yote, anzia kwenye injini, weka gasketi mpya hata kama ya zamani unaona inafaa. Bomba lenye ufa lichomelewe vizuri au libadilishwe. Sailensa ukiigonga ikatoa mlio wa kopo bovu, itupe. Angalia zile raba zinazolishikilia bomba, zikikatika bomba litacheza na kufungua viungo upya. Ukishamaliza, washa gari nje, si bandani, nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo kabla havijapata moto, ukiona mapovu hujamaliza. Na ziba matundu yote ya sakafu, ndiyo mambo ya kuziba yenyewe hayo. Harusi ya watu ikikupita, ikupite. Watapanda bodaboda, watafika.

Na la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Mtu aliye chini ya mkono wako akikuambia hajisikii vizuri, simama umsikilize. Awe bibi harusi, awe mtoto, awe mkeo huyo mpole usiyemsikia akilalamika. Usimsifu mtu kwa kunyamaza kabla hujajua kwa nini amenyamaza. Mimi nilisifiwa asubuhi ile kwa kunyamazisha, na nusura nizike.

Jenerosa ana wajukuu tisa leo. Anaongea sana, anaongea kanisani, anaongea sokoni, akija hapa anaongea mpaka chai inapoa. Watu wananiuliza nawezaje kumvumilia. Mimi namwongezea chai.

Mungu akutangulie barabarani, mwanangu, akupe macho ya kuona ufa ukiwa bado mdogo. Akujalie gari lenye pumzi safi na mikono isiyo na haraka. Na abiria wako akujalie wawe walalamishi njia nzima, wakushushie lawama mpaka mlangoni, na wote washuke kwa miguu yao.