Chombo Kilichopanda Mchanga wa Ghubra

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa kijana wa Unguja niliyehamia Maskati, na nikijiona nimebobea katika mambo ya bahari. Ukweli ni kwamba kazi yangu bandarini kule kwetu ilikuwa kugonga mihuri kwenye karatasi za karafuu, ndani, chini ya feni. Bahari nikiiona dirishani.

Nilikuwa nimeposa. Baba wa binti, mtu wa kwetu aliyetangulia kuhamia, alikuwa akianika dagaa pwani ya Ghubra, na jibu alikuwa hajanipa. Kwa hiyo kila Ijumaa nilikwenda kumwamkia, nimejifukiza udi mpaka kofia, nikamweleza mambo ambayo hakuniuliza.

Ijumaa moja akapita mpiga mbiu: kesho asubuhi askari wa Kiingereza watajaribu chombo chao cha kushushia watu pwani, kila mtu aondoe vitu vyake tokea majini mpaka kwenye mitende. Dagaa wa mzee, wa msimu mzima, walikuwa wametandazwa papo hapo.

"Waonaje, niwaondoe?" akaniuliza. "Wewe umekaa bandarini."

Moyo ulinijaa. Hakuwahi kuniuliza kitu.

"Usijisumbue, ami," nikamjibu. "Hapana chombo kinachopanda mchanga. Kitasimama majini, wao watashuka kwa miguu."

Kesho yake nilisimama mbele kabisa, nimevaa kanzu ya Idi. Kikaja kikinguruma, kimezungukwa na sketi ya mpira iliyotuna, kikipuliza upepo chini yake na kuelea juu ya upepo huo. Nikanyoosha mkono kumwonyesha mzee mahali kitakaposimama. Hakikusimama. Kilitoka majini kikapanda mchanga bila hata kupunguza mwendo. Nikatimua mbio, kofia ikaenda zake, dagaa wakaruka hewani na wengine wakaniingia ndani ya kanzu. Askari walishukia kwenye mitende, viatu vyao vikavu.

Nilipiga magoti nikaokota dagaa mchangani mpaka adhuhuri. Mzee aliokota upande wake. Nilipomwomba radhi, alikaa chini.

"Dagaa watakuja wengine, Mungu akijaalia," akasema. "Lakini nimekuuliza jambo, nawe hulijui, na umenijibu. Binti yangu atakuja kukuuliza mengi, mwanangu. Nnaogopa."

Nilimpenda sana binti yule. Aliozwa mtu mwingine kabla ya Ramadhani.