Siku Saba Chini ya Biblia

Umeme ukikatika huku mtaani Rosettenville, kusini mwa Afrika, kanisa letu huwasha jenereta, na harufu ya petroli hufika hadi viti vya mbele tunapokaa wazee. Wengine hufunika pua. Mimi hurudi Kalemie, mji wa kwetu kando ya ziwa, nikiwa na miaka kumi na mitano, msimu ule wa kiangazi ndege ya jeshi la maji ilipotua ziwani kwa miguu yake miwili mirefu kama mitumbwi. Ilikaa wiki mbili ikitengenezwa injini. Kila asubuhi nilikaa gatini na rubani wake, Luteni mwenye kovu la moto mkononi, akanifundisha kusoma maji: yanapokunjamana kidogo unatua kwa amani, yanapolala kama kioo yanakudanganya, hujui uso wake uko wapi. Sikuacha kuuliza. Jumatatu ya wiki ya pili alinipa karatasi ya kuingia shule ya jeshi la maji, wanakoanzia marubani. Baba atie saini, alisema. Jumamosi anaondoka nayo.

Baba yangu alikuwa shemasi. Kanisani kwetu, karatasi yoyote nzito, iwe ya posa, ya kazi au ya safari, ililazwa siku saba chini ya Biblia ya madhabahuni kabla ya kujibiwa. Yangu ililazwa jioni ileile. Nilihesabu kwa vidole: siku ya saba ni Jumapili. Nilimweleza Baba kwamba Jumapili ndege haitakuwepo. Akaniambia subira huvuta heri, na aliye na haraka hamngoji Bwana. Mama, aliyekuwa akisonga bugali, alisema polepole, "Baba Yakobo, hata Pasaka ililiwa kwa haraka, viatu miguuni." Akaambiwa atazame chungu chake.

Jumamosi ndege ilipasua maji, ikapaa, ikawa nukta. Jumapili Baba aliitoa karatasi, akaitia saini mbele ya kusanyiko, akanikabidhi. Watu walipiga makofi. Nikaambiwa nishukuru, nami nikashukuru, maana nililelewa vizuri. Baba alijua siku za juma kama mimi. Aliogopa kunipoteza, akaupa woga wake jina la Mungu. Nimefunga na kuomba juu ya hasira hiyo zaidi ya miaka hamsini. Namshukuru Mungu kwa mke wangu, kwa cherehani iliyotulisha mtaani Doornfontein tulipohamia nchi hii, kwa watoto. Hasira ingalipo.

Mwaka 2018, Jumatano ya maombi, mjukuu wangu Naomi alikuja kanisani na fomu yake ya kuingia jeshi la maji. Amezaliwa hapa, ninamlea mimi, na anataka kurusha helikopta zinazopaa kutoka meli za kivita. Kiswahili anakisikia vizuri kuliko anavyokisema. "Eish, Babu, saini tu. Mwisho ni Ijumaa."

Mama Furaha, shemasi wetu, kwa desturi ileile tuliyohama nayo, alikuwa tayari ameinua Biblia ili fomu ilale chini yake. Nilikataa. Akacheka, akiitaja taa ya barabarani kwa jina la huku: "Mzee Yakobo, leo umeona robot ya kijani?"

"Pasaka ililiwa viatu miguuni," nilimjibu.

Niliichukua Biblia, nikaiweka magotini, nikaweka fomu juu yake, nikasaini. Kisha tukaomba. Nilikuwa nimeikandamiza kalamu hadi jina likapinda, na Mama Furaha akanishika bega kwa huruma, akidhani ni uzee.