Figo la Atupele na Jina Lisilotajwa

Waebrania wa kale waliiweka dhamiri ya mtu katika mafigo yake, na wasomi hulieleza jambo hilo kama tamathali ya lugha tu. Atupele, mkulima wa mpunga aliyezaliwa Talatala na kuolewa Ngana, wilayani Kyela, hakuisoma elimu hiyo. Aliitenda, na kwa kuitenda alitaabishwa na watu wema kiasi cha kumchosha hata anayeisimulia habari yake.

Mwaka 1999 baba mkwe wake, Mzee Zebedayo Mwakibinga, aliyestawi kwa kakao tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia vijijini, alianza kuvimba uso na miguu. Mafigo yake yote mawili yalikuwa yamekufa. Madaktari walishauri apelekwe India, akapandikizwe figo la mtu aliye hai. Lugano, mwanawe, alipimwa kwanza. Damu yake haikuafikiana na ya baba. Felista, binti wa mzee, alikutwa na kisukari. Ndipo Atupele, mke wa Lugano, ambaye hakuna aliyemfikiria, aliposema apimwe na yeye. Damu ikaafikiana.

Hapo maudhi yakaanza. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mwana hujitenga na baba mkwe: hamtazami usoni, haketi naye chumba kimoja, wala jina lake halipiti kinywani mwake. Wakristo wengi walikwisha kuilegeza mila hiyo. Mzee Zebedayo, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, hakuilegeza hata kidogo. Alikubali kulipokea figo la mwanamke ambaye hakukubali kumwona.

Wazee wa ukoo nao wakaketi kujadili kama kiungo cha mke wa mwana chaweza kukaa mwilini mwa baba mkwe, ilhali mgonjwa akizidi kuvimba mbele yao. Mmoja alipendekeza liwekwe mgongoni, mahali pa heshima. Mganga wa zahanati akawaeleza kwamba figo jipya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na yale ya zamani huachwa palepale yalipo. Mjadala ukaanza upya. Felista ndiye aliyeumaliza.

“Basi, baba zangu, mzikeni na heshima zake zote,” alisema. “Kaburi lichimbwe upande gani?”

Wakasafiri. Huko India, kwa kuwa Atupele hakuwa wa damu moja na mgonjwa, sheria ilitaka kamati imhoji peke yake, ijiridhishe kwamba hakununuliwa wala kulazimishwa. Mkalimani alikuwa Ezra, mwanafunzi wa Kitanzania asiyeijua Kyela. Mwenyekiti, daktari mwanamke mwenye miwani, aliuliza figo anampa nani. Atupele akajibu kuwa anampa baba wa mume wake. Jina lake nani? Atupele akainama, akanyamaza. Aliulizwa tena, akanyamaza tena. Mgonjwa akaletwa katika kiti cha magurudumu, ili waonane. Atupele akajifunika khanga usoni na kugeukia ukutani. Mzee akafumba macho.

Kamati ikahitimisha, kwa mantiki isiyo na kosa lolote isipokuwa ujinga wa mambo ya Ngana, kwamba watu hawa hawajuani, na kwamba mwanamke huyu amenunuliwa. Upasuaji ukazuiwa. Lugano alijaribu kuieleza mila; mwenyekiti akajibu kwamba amesikia hadithi nyingi za wauza figo, ila hiyo kweli ni mpya.

Mzee alipoambiwa, alisema heri afe na adabu zake. Atupele aliyasikia hayo akiwa nje ya mlango, na subira yake yote ikamwishia.

“Mwambie baba yako,” alimwagiza mumewe, kwa sauti iliyofika ndani bila msaada wa mumewe, “mimi nimekuja kutoa figo, sikuja kumzika ugenini. Mila hii ni yake kuifungua. Nikiifungua mimi, nitaitwa mwendawazimu mpaka nife. Afungue, au turudi nyumbani.”

Kesho yake mzee aliomba apelekwe tena mbele ya kamati, Atupele naye awepo. Akayainua macho yake na kumtazama mke wa mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu arusi.

“Mwanangu, nitazame. Litaje.”

“Zebedayo Mwakibinga,” akasema Atupele, taratibu, kama mtu anayekanyaga matope asiyoyajua kina.

“Ndaga fijo,” akasema mzee. Mwenyekiti alitaka tafsiri. Ezra, asiyekijua Kinyakyusa, akasema anadhani ni shukrani. Mwenyekiti akatia sahihi.

Daktari mpasuaji alimweleza Atupele njia mbili. Ya zamani ni mkato mrefu ubavuni, pengine na kipande cha ubavu kuondolewa, na maumivu yake hukawia. Ya pili, iliyokuwa ngeni bado, ni matundu madogo, kamera ikiongoza vyombo, na figo kutolewa kwa mkato mfupi chini ya kitovu. Aliuliza ni ipi itakayomruhusu kuinama kupandikiza mpunga upesi, akachagua hiyo. Walichukua la kushoto, kwa kuwa mshipa wake ni mrefu zaidi na huungika kwa urahisi. Lilianza kutoa mkojo mzee akiwa angali mezani. Lile lililobaki kwa Atupele likatanuka na kufanya kazi ya mawili. Msimu uliofuata alikuwa shambani, na tangu hapo hupimwa shinikizo la damu kila mwaka.

Mzee naye alipona, akarudi Ngana, na, Mungu amsamehe, akairudia mila yake yote. Amwonapo Atupele akija njiani, huacha njia na kujificha katika kakao, akiwa na figo la Atupele tumboni. Tena huwa mvivu wa kumeza vidonge vinavyolizuia lisikataliwe na mwili wake, eti anajisikia mzima.

Basi Atupele hulitua jembe, akaigeukia mikakao, akauliza kwa sauti kama vidonge vya asubuhi vimemezwa. Mikakao hunyamaza. Yeye husimama palepale, mkono kiunoni, jua likipanda, mpaka ijibu.