Mwavuli wa Mjumbe

Kila baraza la wakulima wa Mawaleh, Oman, lilipokutana kushauriana mitende ya nani ipigwe dawa ya wadudu, mjumbe mmoja mnene alitaka kikao kiwe shambani kwake, na pale pale kivulini mwa mitende akafungua mwavuli. "Mie nnakwambieni, kwangu hakuna mdudu hata mmoja," alisema, akijipepea kwa ncha ya kilemba. "Waanze kwa jirani." Karani Mahfoudh, mgeni kutoka Unguja, aliandika huku akiuangalia mwavuli: mvua hakuna, jua halipenyi. Siku ya kutia saini, mjumbe akahitaji mkono mmoja wa karatasi, wa pili wa kalamu, akaufunga mwavuli. Papo hapo maji wanayotoa wadudu wa mitende, yanayonata kama halwa, yakamdondokea kutoka makutini juu yake, kilembani, ndevuni, mpaka kwenye saini. Akajipangusa taratibu. "Andika," akamwambia Mahfoudh. "Waanze kwa jirani, lakini wapitie kwangu."