Filimbi ya Kapita na Samaki wa Mjomba

Nilipiga filimbi kwanza, nikauliza baadaye. Hilo ndilo kosa nililoanza nalo kazi, na ninaliweka hapa juu ili msomaji asidhani ninalificha nyuma ya sifa zangu, ambazo nazo zitakuja, msiwe na haraka.

Mimi Alfonsi, mwanafunzi wa masomo, yaani shule, ya mapadri hapa Kasongo, nimestaafu. Wengine hustaafu wakiwa na mvi. Mimi hata ndevu bado ninazingoja. Lakini kazi ni kazi, na aliyeimaliza ana ruhusa ya kukunja mguu juu ya mguu na kuwaeleza wadogo zake jinsi ilivyofanywa wakati wake. Nilikuwa kapita wa depo. Ninyi mtakaopokea filimbi baada yangu, someni.

Siku ya kwanza, baada ya sala ya asubuhi, Mompe Direkta, yaani padri mkubwa wa masomo, aliniita mbele ya mistari yote ya wanafunzi. Ni Mbelgiji mrefu mwenye ndevu za kufika kifuani, na Kiswahili chake hutembea polepole kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Akanivika filimbi shingoni.

"Alfonsi," akasema, "wewe nachekesha watu sana. Sasa nakupa kazi, kinywa chako kipate mzigo."

Kapita, kwa wasiojua, ni mwanafunzi anayesimamia wenzake. Si mwalimu wala si mpishi, lakini wote wawili humlaumu. Kapita wa depo hufungua ghala la chakula pamoja na mpishi, husimama karibu wakati mchele unapopimwa, na huangalia kopo likatwe. Kukata kopo ni kupitisha kijiti juu ya mdomo wake ili mchele uliofura uanguke. Kopo lisilokatwa humpa mmoja mlima na mwingine bonde. Anaangalia pia chumvi, mafuta ya mawese, na kikapu cha samaki wa kukausha wanaoletwa sokoni na watu wa Nyangwe. Kikapu hicho hutundikwa jikoni, juu ya moshi, wadudu wasiwaguse. Nilijifunza yote hayo asubuhi moja. Kunyamaza sikujifunza.

Maana pale pale mbele ya mistari, filimbi ikiwa bado na baridi kifuani, nilitangaza: "Ninyi wote mnisikie! Mbele ya siku ya Mungu, mwizi wa depo nitamukamata mimi!"

Siku ya Mungu ni Jumapili. Watoto wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama depo ilikuwa imeibiwa. Haikuwa. Nilikuwa nimewaahidi watu mwizi nisiye naye, na sasa ilibidi nimpate.

Hapo inafaa nieleze namna wezi walivyohukumiwa kabla ya wakati wangu. Chini ya Direkta wa zamani, aliyerudi kwao Ulaya, mwanafunzi aliyekamatwa alifungiwa shingoni kitu alichoiba, akapitishwa kati ya mistari, akalazwa chini akapigwa fimbo, kisha akabebeshwa sanduku lake kwenda kwao. Nilikuwa mdogo nilipoona mmoja wa hao. Alikuwa ameiba kipande cha sabuni. Wakati anapitishwa mvua ikanyesha, sabuni ikaanza kutoa povu, povu jeupe likimtiririka kifuani mpaka miguuni, na sisi tukacheka mpaka tukashika matumbo. Mimi nilicheka kuliko wote. Baadaye tukapeleka mihogo kwenye njia ya Kabambare, nikamwona kati ya watu wanaojenga barabara ya Bulamatari, yaani serikali ya Wazungu, anabeba mawe. Alinitazama. Nilitafuta neno la kuchekesha, sikulipata.

Jumamosi, ahadi yangu ikiwa imebakiwa na siku moja, nilipita kwenye bweni, ambalo sisi tunaliita interna, nikasikia harufu ya samaki. Nikafuata pua yangu kama mbwa wa mwindaji mpaka kwenye mkeka wa Kashindi. Huyu ni mtoto kutoka upande wa Wamaza aliyefika kwa miguu mwanzoni mwa mwaka, baba yake amekufa, mama yake analima. Ni mpole, na diktee, yaani imla, ya Kifaransa anaiandika kama vile maneno yenyewe yalizaliwa kwao. Nikainua mkeka. Samaki mzima, amefungwa kwenye majani ya ndizi, ameliwa upande mmoja.

Kashindi alikuwa amesimama mlangoni. Ningeweza kumuuliza. Neno moja tu lingetosha, "Umeipata wapi?" Lakini ahadi yangu ilikuwa inaniwasha, na filimbi ilikuwa karibu kuliko ulimi. Nikapiga. Interna nzima ikaja mbio, na nyuma yao Mompe Direkta akishika kanzu yake isiburutike.

"Nimemukamata!" nikasema.

Kashindi hakuogopa. Alitabasamu, kama mtu aliyekutwa anakula kwao. "Ile samaki? Ni ya mujomba."

Mjomba ni Mzee Tabu, mpishi wetu, ndugu ya mama yake. Na hapa wote waliozaliwa kati ya Kasongo na Kabambare wataelewa kabla sijamaliza. Kwetu, mtoto wa dada, yaani mwipwa, akiingia kwa mjomba wake, anachokitaka anakichukua: kuku, ndizi, hata kofia. Mjomba hamkatazi, kumkataza ni aibu. Kazi ya mjomba ni kupiga kelele na kumtukana, na kadiri matusi yalivyo makali ndivyo mapenzi yalivyo makubwa. Basi Kashindi aliingia jikoni kwa mjomba wake, akaona kikapu cha mjomba wake juu ya moshi wa mjomba wake, akafanya kama kwao.

Mompe Direkta akatuma Mzee Tabu aitwe. Akaja na mwiko mkononi, hajui kilichotokea. Akamwona mwipwa wake katikati ya watu na samaki miguuni pake, akafanya kazi ya mjomba.

"Aa, weye!" akapaza sauti. "Mwizi mukubwa! Fisi ya Wamaza! Mama yako alinizalia panya mwenye suruali! Kila siku unaniibia, hata sufuria utakula siku moja!"

Sisi wote tukaangua kicheko, kwa maana yalikuwa matusi mazuri, yenye mafuta. Mompe Direkta peke yake hakucheka. Alikuwa akitikisa kichwa, polepole, kwa huzuni.

"Mpishi mwenyewe amesema," akasema. "Na kila siku."

Mwiko ulianguka. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. Mzee Tabu akasogea mbele ya mtoto. "Mompe, hapana, mi nilikuwa namuchekea tu. Ni mwipwa yangu..."

"Ukweli ulitoka kwanza, Tabu. Huu wa pili ni wa huruma."

Hukumu ikawa ile ya zamani: Jumapili baada ya misa, samaki shingoni, kisha sanduku na njia ya Wamaza. Niliangalia barabara nikaona mawe ya yule wa sabuni.

Aliyeizuia hukumu ni Moniteri wa darasa letu. Moniteri ni mwalimu mweusi, anayefundisha chini ya padri. Huyu wetu ni mtu wa Kabambare, mwembamba, asiyepaza sauti hata akifukuza mbuzi kwenye mpunga. Alimwomba Mompe Direkta ruhusa ya kumuuliza mtoto swali mbele yetu. Kwanza akaeleza desturi ya mjomba na mwipwa, yote, bila haraka. Mompe Direkta akasikiliza, kisha akasema, "Basi hana kosa?"

"Sijasema vile, Mompe." Akamgeukia Kashindi. "Mutoto, mujomba wako anapogawa samaki mu sahani, anakupa kubwa kupita wenzako?"

"Hapana, Moniteri."

"Juu ya nini?" Alikuwa anataka sababu.

Kashindi akaanza kujibu, akakatiza. Tabasamu likamtoka. "Juu ni ya masomo," akasema kwa sauti ndogo. "Ni ya sisi wote."

"Haya. Kwa nini uliificha chini ya mukeka? Kwa mujomba mutu anakulaka mu kiwanja, watu wote wanaona."

Mtoto akalia. Hakulia kwa fimbo, hakuna aliyekuwa amemgusa. Alilia kwa sababu alikuwa amejihukumu mwenyewe, na nadhani hiyo huuma zaidi.

"Mompe," Moniteri akasema, "aliiba nusu. Nusu ingine ni desturi iliyopotea njia. Tukimufukuza kwa yote mbili, tumemuonea. Tukimuacha bure, tumeonea hawa wengine ambao samaki ilikuwa yao."

Mompe Direkta akatembea mpaka mwisho wa mstari, akarudi. Nitamheshimu siku zote kwa matembezi yale, maana wakubwa wengi hawarudi. Akasema: Kashindi atakaa bila samaki mpaka walioonewa wamerudishiwa. Kila siku ya soko atabeba kikapu cha samaki kutoka sokoni mpaka jikoni. Hakuna fimbo, hakuna kitu shingoni. Na kuanzia leo, atakayemwita mwizi, yeye ndiye atakayebeba kikapu badala yake.

"Nani atalinda sheria hii?" akauliza, halafu akajijibu. "Kapita."

Wadogo zangu, hukumu nzuri ni kazi ya nusu saa. Kuilinda ndiyo kazi yenyewe.

Siku ya soko iliyofuata tulikuwa kwenye mistari. Kashindi akapita na kikapu kichwani, shingo imenyooka, macho mbele. Jua lilikuwa kali na samaki walinuka kweli kweli. Na mimi, mlinzi wa sheria, sikusema neno. Nilishika pua kwa vidole viwili, nikainama mpaka chini, kama watu wanavyomwinamia Administrateri, Mzungu mkubwa wa serikali, akipita. Hivyo tu. Mistari yote ikapasuka kwa kicheko, na nikasikia raha ile ninayoijua tangu utotoni, tamu kama asali.

Kashindi hakugeuka. Alifikisha kikapu jikoni, akakiweka taratibu, akamwamkia mjomba wake. Mchana, sanduku lake halikuwepo.

Moniteri aliniita chini ya paa la depo. Nilikuwa nimeandaa utetezi wangu. "Moniteri, sikumuita mwizi. Sikusema kitu."

"Najua. Sheria ya Mompe haikutaja pua." Alinitazama sana. "Mompe alikataa kumufukuza, Alfonsi. Nani amemufukuza?"

Hilo ndilo swali pekee katika masomo yangu yote ambalo sikulijibia kwa mzaha.

Akaniambia nimfuate Kashindi. Filimbi nitairudisha nikirudi, na kikapu kitakuwa changu. Nikashika njia ya Wamaza, nikikimbia kila palipokuwa na mteremko, nikiuliza wanawake waliotoka mashambani. Ndiyo, wamemwona, mtoto mwenye sanduku, ametangulia. Kufika kijijini kwetu, kilichoko kwenye njia ile ile, miguu ilikuwa imekwisha na tumbo linaunguruma. Nikaingia kwetu moja kwa moja, nikaona sinia ya ndizi za kuchoma karibu na moto, nikachukua moja, nikachukua ya pili, mdomo umejaa, ndipo nikainua macho.

Kashindi alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani magotini. Mama alikuwa anamwekea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Hakujua kuwa ni kwetu. Alikuwa amepita akiomba maji, na mama hawezi kumwona mtoto wa mtu akinywa maji matupu. Kashindi alikuwa amemweleza yote: kwa nini ameacha masomo, samaki, mjomba, na kapita mmoja aliyeshika pua. Jina la kapita hakulitaja. Mama alijua mwenyewe alipoiona filimbi kifuani kwangu.

Nilimwomba Kashindi radhi pale pale, na ndizi ikiwa bado shavuni. Alipangusa vidole vyake. Kisha akasema, "Kikapu iko nzito, utaona." Asubuhi tulirudi pamoja, mimi na sanduku lake kichwani mwangu.

Leo yeye yuko darasani na mimi niko sokoni kila siku ya soko, na Mzee Tabu ananitukana kwa heshima kama vile nami ni mwipwa. Filimbi imepata mwenyewe mwingine. Kwake huyo nina maneno machache ya mstaafu. Uliza kabla ya kupiga. Ukiuliza, uliza pembeni, si mbele ya umati. Mwenye kosa arudishe alichochukua, afanye kazi, na akimaliza, kosa liishe mdomoni, mikononi na puani mwa kila mtu. Usimwache mtu atoke kwenye hukumu ya mkubwa aingie kwenye ya wenzake, ile haina mwisho. Na kopo likatwe sawasawa, hata kwa rafiki zako.

Kuhusu mama, hakungoja nimalize kumeza. Akaishika filimbi kwa vidole viwili, akaitazama, akairudisha kifuani pangu. Akasema hivi:

"Alfonsi, huyu mutoto alisimama inje, akabisha hodi, akaomba mayi, hata mayi akashukuru. Weye umeingia bila kuamkia mutu, umekamata ndizi yake mu sinia, iko mu kinywa yako sasa hivi. Basi unifundishe kazi yako, kapita: nikipiga hii filimbi, watu wakuje kumukamata nani?"