Mzee Asiyeitikia Shikamoo

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, jua likiwaka, Mbulu mjini. Na pombe sinywi.

Mnaijua ile nyumba ya enzi za Wajerumani iliyobanwa katikati ya mtaa, yenye baraza la mbao zilizochongwa maua na bomba la moshi juu? Mimi ni fundi wa paa. Mwenye nyumba alinipa kazi ya kushusha kenchi, mbao za kubebea bati, zilizooza, nami nikaja na mdogo wangu wa tumbo moja, Amsi, kutoka Dongobesh.

Tulimkuta mzee amekaa kitini barazani, koti zito, kofia imeshuka usoni. Nani angempita mzee bila kumwamkia? Kwetu mtoto anachapwa kwa hilo.

"Shikamoo babu," Amsi akasema.

Kimya. Ningekuwa na akili ningemvuta tukaondoka. Lakini tulivyolelewa sisi, mzee asipoitikia, kosa ni lako, hujamwamkia vizuri. Nikamwambia Amsi, "Msogelee, huenda hasikii."

Akasogea, akainama. "Shikamoo babu."

Mzee akamkaba shingo. Kwa mkono mmoja, jamani! Akambamiza uso kwenye nguzo, tena na tena, mpaka jino likaruka sakafuni. Niamini, hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa kama mama anayetwanga mahindi. Amsi akalia, "Kaka, nisaidie!" Nikashika mtaimbo, nikampiga mzee begani kwa nguvu zangu zote. Nikasikia mfupa unavunjika. Nikapiga tena. Nilitaka kuua, sifichi.

Majirani ndio walionishika. Kutazama, kiti kitupu, kimejaa vumbi. Chini amelala Amsi, damu imetapakaa, na bega lililosagika ni lake.

Majirani wote wanaapa hawakuona mzee. Wanasema waliona mtu mmoja akimpiga mwenzake. Hospitali walimkata Amsi mkono wa bega lile. Polisi walipokuja, Amsi akawaambia ameangukiwa na kenchi, ndiyo maana mimi niko huru leo. Walipoondoka nikamuuliza, "Amsi, wewe si ulimwona?"

"Nilimwona, kaka. Ila aliponishika, alikuwa na uso wako."

Nililia siku ile kuliko nilivyolia msiba wa baba.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukimkuta mzee kwenye baraza la nyumba kuukuu, mwamkie mara moja tu. Asipoitikia, ondoka. Acha wakuite mtoto asiye na adabu.

Amsi bado anakuja kwangu Jumapili, akitoka kanisani. Anasimama getini, anasema, "Shikamoo kaka," na hanyanyui mguu mpaka asikie marahaba. Mimi huitikia haraka, kwa sauti kubwa, hata nikiwa na chakula mdomoni.