Sijambo Niliyomwambia Daktari wa Bima

Nakumbuka, mwanangu, mwaka vidole vyangu viliponigomea. Mimi ni mshona kofia tangu usichana wangu hapa Mkunazini. Baridi yabisi ikaniingia viungoni, sindano haishikiki, hata kifungo cha gauni nafungiwa na mume wangu. Yeye akicheka, mimi nalia.

Vidonge nilimeza mpaka tumbo likachoka. Daktari wangu akasema imebaki dawa moja tu, ya kuchomwa kila mwezi, na kwa ughali wake, bima wasipokubali tuisahau. Bima nao wakataka daktari wao anione kwanza.

Siku ilipofika nikajipamba: wanja, udi, buibui jipya, mikono nimeificha ndani. Utakwendaje mbele za watu umechakaa?

"Shikamoo bibi, hujambo?" daktari wao, kijana wa watu, akaniamkia.

"Marahaba, sijambo, alhamdulillahi."

"Viungo vinakusumbua?"

"Kidogo tu, baba, tunashukuru."

"Na kazi za nyumbani?"

"Twajikongoja."

Nikatoka nimeridhika na adabu zangu. Jibu likaja: hali yangu nzuri, niendelee na vidonge. Ebo!

Nikaenda kulia kwa Bi Mwanaisha, somo yangu aliyenifunda nilipoolewa. Mkongwe, lakini ulimi wake wembe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"We mtoto una wazimu? Nilikufunda usitoe ya ndani ukayapeleka barazani. Tabibu ndiye baraza? Mficha uchi hazai!"

Wallahi niliona haya, nami nna wajukuu.

Daktari wangu akawaomba bima wanitazame tena. Safari hii Bi Mwanaisha alinisindikiza, akakaa ubavuni kwangu, macho kanikazia.

"Bibi, hujambo?"

Ulimi ukaniwasha. "Kwa salamu, sijambo," nikamjibu. "Lakini siwezi, mwanangu. Siwezi kabisa."

Nikaitoa mikono, nikaiweka mezani kwake. Nikamweleza kwamba alfajiri natawadhishwa, kikombe cha chai nashikiwa, na kofia niliyoianza imelala nusu. Nikalia mbele yake, wanja ukachuruzika, sikujali.

"Mbona mara ile hukuniambia, bibi?"

"Ulinisalimia, baba. Nikakuitikia."

Kibali hakikuja kesho yake. Tulipiga simu mpaka wakatujua sauti, lakini kilikuja. Leo nashona tena, polepole, na Ijumaa iliyopita mume wangu kaenda msikitini na kofia yangu mpya, kaivaa upande kwa maringo. Roho yangu baridi.

Basi, mwanangu, adabu ina pahala pake. Ukiulizwa na daktari, mtajie usichokiweza, kimoja kimoja, bila ya kukipunguza. Ukinyimwa kilicho haki yako, usinune nyumbani. Rudi, na nenda na mtu asiyekuonea muhali. Kusema panapouma si kumkufuru Mungu. Yeye ndiye aliyeumba maradhi, akaumba na dawa.

Mungu akupe afya ya kudumu. Na siku akikupa mtihani, akupe na ulimi wa kuusema, na mtu wa kukusikiliza. Amin.